Nimenunua boksi la BE lililokwisha kufunguliwa

Naanza na bei, maana najua ndiyo mtakayouliza: shilingi 168,000. Humo mna boksi lenyewe, usafiri wake kutoka Korea Kusini hadi Dar es Salaam, na parseli ya basi hadi hapa Mtwara. Kwa hesabu ya dukani kwangu, steshenari, ni karibu rimu kumi na tatu za A4. Mama yeye alihesabu kwa bati. Hakusema ni bati ngapi, alisema tu "bati," akaendelea kupepeta mchele wake.

Boksi ni BE, albamu ya BTS, kundi la muziki wa K-pop la Korea Kusini; ni lile toleo la kwanza waliloliita Deluxe Edition, lililotoka tarehe 20 Novemba 2020. Februari 2021 wakatoa jingine jepesi zaidi, Essential Edition. Mimi mwaka 2020 nilikuwa nahangaika na kodi ya fremu ya duka, K-pop nilikuwa naisikiliza kwa bando la usiku tu. Kwa hiyo nimelipata mtumba, zaidi ya miaka mitatu baada ya kutoka, tena likiwa limeshafunguliwa.

Nimelichagua hivyo makusudi. Lilikuwepo ambalo bado lina nailoni yake, nikaliacha.

Kwa mgeni wa mambo haya nieleze kidogo. Albamu ya K-pop siyo CD ndani ya kava la plastiki. Ni boksi. Ndani mna kitabu cha picha, bango, postikadi, pengine stika, na kadi ndogo zenye sura za wanamuziki, saizi ya kitambulisho cha NIDA. CD ipo, imejibanza mahali. Kinachouza ni kadi. Na kwa kawaida kadi huchagui: wanakuwekea yoyote, nawe hujui umeangukiwa na nani mpaka uchane nailoni. BTS wako saba. Kama moyo wako uko kwa mmoja, piga hesabu mwenyewe.

Aliyeko Seoul hilo halimtishi sana. Ameangukiwa na Jimin naye anamtaka Suga, basi anamtafuta mwenye shida iliyo kinyume, wanakutana, wanabadilishana, kila mtu anarudi kwao anacheka. Hata Dar mambo yanawezekana. Hapa Mtwara mashabiki ninaowafahamu kwa sura tunaenea kwenye bajaji moja, na wawili kati yetu tunamgombania mtu yuleyule. Kadi ikikuangukia vibaya umekwama nayo. Kuituma ikabadilishwe, nauli inaizidi kadi. Mchezo huu umepangwa kwa wenye soko la kadi mlangoni kwao, na sisi tulio mbali tunalipa kiingilio kilekile huku hatuna pa kwenda kubadilisha.

Boksi lililofunguliwa linaiua hiyo kamari. Muuzaji anapiga picha kila kilichomo, unaona kwanza, unalipa baadaye. Ila uliza sana kama ni kamili, kwa sababu wengi wanachomoa kadi, wanaziuza peke yake, halafu boksi wanaliuza rahisi na wewe unajiona umeokota. Mimi moyo wangu uko kwa Jin, na kadi niliyoitaka ni ile yake ya mtindo wa polaroidi, kwa hiyo nilimwandikia dada anayetukusanyia oda kule Dar: "Dada, hakikisha polaroidi ni ya Jin, na iwe ndani." Akanirushia picha na maneno machache: "Mwenyewe huyo, mdogo wangu, anakutazama."

Wako watakaoniambia kwamba boksi la mtumba halihesabiwi kwenye chati. Kweli, halihesabiwi. Kule Korea mauzo ya albamu mpya ndiyo yanayoingia kwenye chati za Hanteo na Circle, na mashabiki wanajipanga wanunue kwa wingi wiki ya kwanza ili kundi lao litoke juu. Lakini BE ilishashika namba moja Billboard 200, chati ya albamu ya Marekani, mwaka uleule wa 2020, na wimbo wake wa kwanza, Life Goes On, ukawa wimbo wa kwanza ulioimbwa kwa sehemu kubwa kwa Kikorea kuingia moja kwa moja namba moja kwenye Hot 100, chati yao ya nyimbo. Walifika bila mimi. Sioni shilingi zangu 168,000 zingewasogeza wapi tena.

Na tukiwa hapo hapo: mwaka 2023 peke yake chati ya Circle ilihesabu albamu zaidi ya milioni 100. Korea Kusini nzima ina watu kama milioni 51. Nyingi zinakwenda nje, sawa, lakini nyingine nyingi zinanunuliwa na mtu mmoja anayefukuzia kadi moja. Akiipata, zile CD nyingine zinabaki hazina mwenyewe. Mimi ni mtu wa karatasi, kila siku natupa kopi zilizoharibika, na bado hilo linaniuma.

Safari ya boksi ilinitoa jasho. Lilitua Dar mwishoni mwa Aprili 2024. Watu wa kusini tunakumbuka kilichofuata: mwanzoni mwa Mei kikaja kimbunga Hidaya, mvua zikamwagika, barabara ikakatika maeneo ya Somanga, magari yakakwama pande zote mbili. Ukitaka kuja Mtwara ilibidi uzungukie Songea na Tunduru, safari ya kumaliza roho. Dukani nilibakiwa na rimu za kuhesabu, nikaacha kabisa kupokea kazi za vitabu, napokea vyeti na barua tu. Katika hali hiyo dada ananipigia simu kuuliza kama apeleke boksi kwa ndege. Nikamwambia tulia. Barabara ikatengenezwa, mizigo iliyolundikana ikaanza kusogea kidogo kidogo, na langu likaingia kwenye buti la basi mwezi Juni, wiki ileile ambayo Jin alimaliza jeshi la lazima la kwao, tarehe 12. Sijapanga, imetokea hivyo, lakini siku ile ungeniambia nimepanga nisingekataa.

Stendi utingo alilinyanyua, akalipima kwa mkono. "Dada yangu, vitabu vya shule hivi?"

Nikasema ndiyo.

Nililifungulia dukani, jioni, mashine zikiwa zimepoa. Nilifuta meza ya kukatia karatasi kwa kitambaa kikavu, nikafunga feni. Juu ya boksi hakuna sura ya mtu yeyote. Kundi ambalo nyuso zake zimeuza simu na soda dunia nzima, halafu kwenye jalada la albamu waliyoisimamia wenyewe hawajaweka hata jicho. Ukikutana nalo kwenye rafu hujui waimbaji unaweza kudhani ni boksi la shati. Mimi nimelipenda kwa hilo. Vijana wanaokuja kuchapa kadi za mchango wangejifunza, maana wao wanataka picha ya bwana harusi, picha ya bibi harusi, maua, njiwa, na mstari wa Biblia, vyote kwenye karatasi moja, halafu wananiuliza mbona namba ya simu ya kutuma mchango haisomeki.

Kuna vitu nikivishika vidole vinajua kabla ya macho. Karatasi ya kopi tunayotumia ni gramu 80, ukiigeuza unaona kivuli cha maandishi ya upande wa pili. Kurasa za kitabu cha picha nimezielekeza kwenye taa, nimetafuta kivuli, sikukipata. Nyeusi yake ni nyeusi ya kweli, siyo kijivu cha tona inayokaribia kuisha. Ukingo umekatwa sawa kuanzia ukurasa wa kwanza mpaka wa mwisho. Nimepitisha ukucha nikitafuta mahali kisu kilipositasita. Anayekata kwa mkono kama mimi anajua hilo ni jambo. Sikuthubutu kukifungua mpaka kilale kabisa. Nachungulia katikati kwa kukiinua pande zote mbili.

Aliyekimiliki kabla yangu naye alikuwa muoga hivyohivyo, isipokuwa kwenye kurasa za Jin. Hapo kona ya chini imelainika kidogo, upande wa kulia, mahali dole gumba linapokaa ukiwa unaangalia kwa muda mrefu. Polaroidi yake ilikuwa ndani ya mfuko mdogo wa plastiki, na mdomo wa mfuko umefungwa kwa kipande cha selotepu ambacho ncha yake imekunjwa ndani ili kibanduke bila shida. Mtu anayekunja ncha ya selotepu ni mtu wangu. Sijui kwa nini aliuza.

Vilivyobaki nivitaje haraka: kifremu cha kuwekea picha, postikadi, kadi za kawaida, na kitabu kingine cha namna albamu ilivyotengenezwa. Hiki cha mwisho ndicho nilichokaa nacho zaidi, kwa sababu BE waliigawana kazi wenyewe. Jimin alikuwa msimamizi wa mambo ya muziki, V akashika upande wa picha na mwonekano, Jungkook akaongoza video ya Life Goes On. Kwa picha za albamu kila mmoja alipangiwa chumba chake kwa namna anayotaka mwenyewe. Chumba cha V kina fidla.

Bibi yangu alikuja siku ya pili kutoka Mikindani, akalikuta boksi mezani. Bibi ananiita mke mwenzake, kwa hiyo haoni soni kunichunguza. Akafungua kurasa polepole, akafika kwa V.

"Huyu anapiga zeze?"

"Ndiyo, bibi. La kwao."

Akaendelea. Chumba, mtu mmoja. Chumba kingine, mtu mmoja. Akarudi nyuma, akahesabu kwa kidole.

"Mke mwenzangu, mbona kila mtu chumbani peke yake? Wamegombana?"

Nimesoma maelezo mengi kuhusu picha hizi na hakuna aliyeuliza hivyo. Nikamweleza kwamba ilikuwa wakati wa korona, walikuwa na ziara ya kuzunguka dunia mwaka 2020, ikaahirishwa, baadaye ikafutwa, wakabaki kwao, wakaitengeneza albamu hii bila kusafiri. Akaguna. "Sisi tulijifukiza," akasema, akafunga kitabu.

Na ni kweli, huku hatukufungiwa vyumbani. Lakini usidhani mtu wa steshenari hakuijua korona. Shule zilifungwa Machi 2020, zikafunguliwa zote mwisho wa Juni. Hakuna mitihani ya kuchapa, hakuna ripoti, hakuna mwanachuo wa kuja kubaindi spairo saa mbili usiku analia kwamba msimamizi wake anamsubiri. Nilikuwa nafungua duka asubuhi, nawasha mashine ili zisishike kutu na hewa ya bahari, nazima, nakaa. Mwenye fremu hakuahirisha kodi. Kwa hiyo wimbo unaosema maisha yanaendelea siusikilizi kama hadithi ya watu wa Korea. Kwenye video V anaendesha gari, linapita karibu na uwanja ambao ziara yao ingeanzia. Mimi nilikuwa napita hivyohivyo kwenye geti la shule lililofungwa.

Sasa CD. Laptopu yangu haina pa kuiweka, na sidhani kama namjua mwenye laptopu yenye nafasi hiyo siku hizi. Ilinibidi niende kwa Baba Salha, jirani, ambaye bado ana deki ya DVD iliyounganishwa na sabufa la kutikisa vikombe kabatini. Yeye ni mtu wa dansi la zamani. Alinipangusia sahani ya deki kwa kona ya shati, nikamzuia, nikatoa kitambaa changu.

Nyimbo ni nane, zote pamoja hazifiki nusu saa, na moja kati ya hizo nane siyo wimbo. Inaitwa Skit, ni maongezi yao baada ya kusikia wimbo wao Dynamite umekuwa namba moja Marekani. Sijui Kikorea zaidi ya salamu na matusi mawili ya kwenye tamthilia, lakini kicheko cha mtu aliyepata asichotarajia hakihitaji mkalimani. Baba Salha alidhani ni tangazo.

Kwenye sabufa, Dynamite ndiyo iliyonichosha. Wimbo mzuri, nimeucheza harusini, ila hapo mwisho wa albamu umekaa kama mgeni aliyevaa suti kwenye baraza la watu wa kanzu. Nyingi kabla yake zimeongea kwa sauti ya chini, na kwa Kikorea, halafu wao wanaingia kwa Kiingereza na disko. Naelewa kwa nini uliwekwa, uliuza kabla ya albamu. Ningeutoa.

Wimbo ninaorudia ni Blue & Grey. V alikuwa ameuandaa kwa ajili ya kazi yake mwenyewe kabla haujaingia humu, na unaongelea huzuni ile isiyo na sababu ya kumweleza mtu. Gitaa linaanza taratibu, halafu sauti zinaingia mmoja mmoja. Kwenye simu sikuwahi kusikia pumzi zao. Kwenye sabufa la Baba Salha pumzi zipo. Telepathy alioandika Suga ndio alioupenda mzee, maana una ladha ya disko la ujana wake. Alitikisa mguu mpaka mwisho, kisha akauliza, "Mwanangu, hawa si wale wa poda?" Nikasema ndio hao. "Wanajua," akasema.

Lawama yangu kubwa ni kwa mashairi. Badala ya kijitabu wameyachapa kwenye bango. Likiwa ukutani ni pambo zuri, lakini jaribu kulisoma mtu ukifuata wimbo. Mwezi Juni kusi linavuma, dirisha la Baba Salha halina kioo, lile karatasi likageuka tanga. Nililibana kwa simu upande mmoja, rimoti upande mwingine, kona ya tatu akaishika Salha, ya nne nikaikanyagia kiwiko. Tulifika wimbo wa tatu tukakata tamaa. Aliyebuni hilo anaishi kwenye nyumba yenye madirisha yanayofungwa.

Kama na wewe uko ukanda huu na unafikiria kuagiza, lifikirie kabati kabla ya bei. Hewa ya Mtwara inakunja karatasi. Rimu nikiiacha wazi wiki moja inaanza kubetuka na mashine inaitafuna. Boksi nimeliweka ndani ya ndoo ya plastiki yenye mfuniko wa kubana, pamoja na vile vifuko vya chembechembe vinavyokuja kwenye viatu vipya. Nina mteja anauza viatu, ananiwekea. Ndoo iko juu ya stuli, siyo chini, kwa sababu ya mchwa. Siyo karibu na dirisha pia, jua linakula rangi. Nina kalenda ya ukutani ambayo rais amebaki bluu.

Na kadi msilaminetishe. Nasema hivi mimi ambaye laminesheni ndiyo inayonilipia umeme. Amekuja binti wa kidato cha nne na kadi ya Jungkook aliyoletewa na shangazi yake, anataka niipitishe kwenye mashine "isichafuke". Nilimkatalia. Ile ni moto na gundi. Ikishashika haitoki, na kadi iliyolaminetishwa hakuna mtu duniani atakayekubali kubadilishana nayo. Nilimtafutia mfuko mgumu wa plastiki wa vitambulisho, wa shilingi 500, akaondoka amenuna. Ilibidi nipoteze hela ya kazi ili nimpe ushauri, na bado akanuna.

Kwa hiyo kama unaniuliza ninunue au nisinunue: lililofungwa na nailoni, hapana, labda uwe Dar na una wa kubadilishana nao. Lililofunguliwa, kamili, kadi umeionyeshwa kwa picha, ndiyo, kama una pa kuliweka na kama bati zimeshatosha. CD msiitegemee. Vitabu vile viwili, kwa jicho la mtu anayeishi na karatasi, vinafaa kila senti, na ningevilipia hata bila polaroidi. Hapana, nimedanganya. Bila polaroidi nisingelipa.

Wanaotaka kuliona waje Jumamosi baada ya saa tisa, foleni ya kopi ikiwa imepungua. Mikono mikavu. Mwenye ming'oko ya kutafuna aimalizie nje. Na kopi ya rangi ya Jin sitoi, hata ulipe mara mbili. Ya Jimin kwenye kitabu tunaweza kuongea.